Kipupwe, Rafiki na Pembea za Nzuguni

Mkulima wa mpunga wa Bahi hana likizo ya Desemba. Mvua zikianza, yeye yuko kwenye majaruba, miguu ndani ya maji yanayoletwa na mto Bubu, na hana muda wa matembezi. Anapumzika baadaye, mpunga ukishavunwa, ukapigwa na kuingizwa kwenye magunia. Wakati huo upepo wa kusini-mashariki umekwisha kuanza, na alfajiri watu wanaota moto nje ya nyumba. Pesa nayo, kama mwaka haukuwa mbaya, ipo mfukoni. Basi kijana wa Bahi ambaye hajawahi kukanyaga bustani ya michezo na pembea za mashine, nafasi yake ya kwanza huja katikati ya baridi, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya Nzuguni, jijini Dodoma.

Mtu wa Ulaya angeshangaa. Kwao majira ya baridi ndiyo yanayofunga bustani nyingi za michezo, kwa kuwa theluji hujaa kwenye reli, grisi huwa nzito na mashine hupoteza kasi. Hata Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, ilikaa karne moja na nusu kabla ya kuanza msimu wa Krismasi mwaka 1994, na hapo ilibidi wapambe kwa taa na kuuza vinywaji vya moto ili watu wakubali kutoka nyumbani.

Uarabuni mambo ni kinyume kabisa. Waswahili wanaoishi Muscat wanajua kuwa Julai huko si mwezi wa kumpeleka mtoto kwenye pembea, maana joto hupita nyuzi 40. Tamasha la jiji hilo hufanyika majira ya baridi, na bustani ya Global Village ya Dubai hufungua milango Oktoba na kuifunga joto linaporudi.

Uwanda wa kati wa Tanzania uko mahali pazuri kati ya baridi ya Ulaya na joto la Uarabuni. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, lakini mchana hupanda hadi 26 hivi, na mvua kwa kawaida haionekani tangu Mei hadi Novemba. Hakuna tope, wala wingu la kukatiza mchezo. Kinachosumbua ni vumbi, upepo, na ile baridi inayoingia mifupani jua likishazama, pale mtu aliyetoka Bahi saa saba mchana na fulana moja anapoanza kujikunyata kituoni.

Nane Nane yenyewe si ya zamani sana. Sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, Julai 7, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Miaka ya 1990, nchi ilipoingia vyama vingi, wakulima wakapewa Agosti 8, na kila kanda ikawa na viwanja vyake. Arusha wana Themi, Mbeya wana John Mwakangale, Lindi wana Ngongo. Dodoma na Singida wanakutana Nzuguni, na mwaka 2024 na 2025 kilele cha kitaifa kilifanyika hapo hapo, kikahudhuriwa na Rais Samia Suluhu Hassan.

Kwa maandishi, ni maonyesho ya kilimo, mifugo na uvuvi. Ukweli wa pale uwanjani ni mpana zaidi. Kuna vishamba vya mfano vya alizeti, mtama na zabibu, madume ya ng'ombe yaliyonenepa kuliko lolote lililowahi kuonekana mnadani, matrekta ambayo watoto huruhusiwa kupanda na kushika usukani, na banda la maliasili ambako huletwa wanyama hai. Na kwa sababu penye umati biashara haikosi, wenye michezo nao hufuata: farasi wa bandia wanaozunguka, viti vya minyororo, majumba ya mpira yaliyojazwa upepo. Bustani kubwa za nje hutumia mabilioni kubuni mada, zikajenga makasri na vijiji vya uongo. Nzuguni mada ipo bila kubuniwa, na mgeni kutoka Bahi anaijua kuliko mhudumu wa banda.

Safari ni fupi, kilomita sitini hivi kwa barabara ya Singida. Tatizo ni kwamba Bahi iko magharibi ya jiji na Nzuguni iko mashariki, upande wa barabara ya Morogoro, kwa hiyo ni lazima kulivuka jiji zima. Hapa ndipo rafiki wa kusafiri naye anapoanza kuwa na kazi. Bodaboda wakitaja bei, mmoja anabembeleza na mwingine anajifanya anaondoka.

Kazi ya rafiki huonekana zaidi kwenye pembea yenyewe. Viti vingi vya mashine hizi vimetengenezwa kwa watu wawili, na mwendeshaji makini hapangi abiria ovyo. Hutazama uzito wa upande huu na ule ili gurudumu lisielemee. Kanuni hiyo haijabadilika tangu mhandisi George Ferris aliposimamisha gurudumu lake Chicago mwaka 1893, lenye urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36, kila kimoja cha watu 60. Vijana wawili kutoka Bahi wakikaa kiti kimoja, wanafuata utaratibu wenye umri wa zaidi ya karne.

Kisha linakuja lile jambo ambalo aliyepanda mara ya kwanza hushindwa kulieleza: tumbo kupanda kifuani. Kiti kinapoanza kushuka, mwili unapungukiwa na msukumo wa kutoka chini ambao umeuzoea tangu kuzaliwa, na viungo vya ndani vinahisi wepesi. Wakati huo huo maji yaliyo ndani kabisa ya sikio, ambayo kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi, yanayumba. Jicho likitoa taarifa moja na sikio nyingine, mtu huona kizunguzungu, na wengine hutapika. Dawa yake ni kutazama mbali, kwenye vilima, badala ya kutazama miguu. Kula sahani ya chipsi na mishikaki dakika tano kabla ya kupanda ni kujitafutia aibu, na rafiki ndiye atakayeisimulia hadithi hiyo Bahi nzima.

Kipupwe kina hatari zake, na hazisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni mavazi. Kwa baridi watu hujifunga vitenge, mitandio na mashuka mabegani, na kitambaa kinachoning'inia karibu na mashine inayozunguka si cha kuchezea. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1927 baada ya mtandio wake mrefu kunaswa na gurudumu la gari. Sweta iliyobana ni bora kuliko shuka, hata kama shuka ndilo linalopendeza kwenye picha.

Ya pili ni upepo, ambao Dodoma ya Agosti haina uhaba nao. Jumba la mpira ni kama tanga: lina eneo kubwa na uzito mdogo. Desemba 2021 mjini Devonport, Australia, upepo uliliinua moja hewani shuleni, na watoto sita wakapoteza maisha. Mzazi anayefika Nzuguni ana haki ya kuinama na kutazama kama kamba zimefungwa kwenye vigingi vilivyozama ardhini, au zimefungwa kwenye tairi tu. Akiona tairi, ampeleke mtoto kwa ng'ombe.

Wapo ambao Nzuguni haitawatosha. Tangu Julai 25, 2024, treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa saa chache, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Dar kuna Kunduchi na bustani yake ya maji, Wet 'n' Wild, na ng'ambo ya pili, Kigamboni, kuna Fun City. Mtu wa Dar huogopa maji mwezi wa Julai na kusema kuna baridi, ilhali mchana joto ni nyuzi 28 au zaidi. Kwa aliyezoea asubuhi za Bahi hicho ni kiangazi. Zanzibar nako Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, umejenga viwanja vya kufurahishia watoto pale Kariakoo, ambavyo siku za Idd hujaa watoto wenye nguo mpya.

Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, Nzuguni inatosha, na pengine inafaa zaidi. Ni karibu, gharama yake haimalizi gunia, na mchezo ukichosha kuna la kujifunza hatua kumi mbele. Lililobaki ni kwa waandaaji: Jiji la Dodoma na wenye viwanja waweke kibao mbele ya kila mashine kinachosema ilikaguliwa lini, inabeba watu wangapi, na upepo ukizidi inasimamishwa na nani.

Maonyesho hufunguliwa Agosti 1. Anayetoka Bahi aende siku za mwanzo, kabla msongamano wa kilele haujaanza, aondoke Nzuguni jua lingalipo, na asisahau sweta.