Mizabibu mikongwe, mvinyo mwekundu: kweli au si kweli?

Eben Sadie wa Swartland, kaskazini mwa Cape Town, ni miongoni mwa watu walioirudishia heshima mizabibu mikongwe ya Afrika Kusini. Pofadder, mvinyo wake mwekundu wa zabibu aina ya Cinsault, unatosha kupimia maneno yanayosemwa mezani.

"Mizabibu mikongwe ni mvinyo wa zamani." Si kweli. Kilichozeeka ni mmea shambani. Mvinyo wenyewe huenda ni wa mavuno ya juzijuzi. Nembo ya Old Vine Project, mradi wa Afrika Kusini wa mizabibu mikongwe, hupewa mvinyo wa mizabibu yenye miaka 35 na kuendelea, nayo huonyesha mwaka iliopandwa. Usiuchanganye na mwaka wa mavuno.

"Lazima uwe mweusi na mzito." Si kweli hata kidogo. Rangi na ukakasi hutoka kwenye ganda la zabibu, na Cinsault ina tunda kubwa lenye maji mengi kuliko ganda. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe uone: wekundu mwangavu, si wino. Kisha onja taratibu. Matunda mekundu hutangulia, viungo kidogo hufuata, halafu uchachu unaotoa mate. Ukakasi hugusa fizi na kupita. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Kwa joto la Dar es Salaam, usipoupoza utasikia pombe tu. (Wanaosema mvinyo mwekundu haupozwi, hao nao wamekosea.)

"Cinsault ni zabibu ya kujazia." Ilikuwa kweli. Kwa miongo mingi ilichanganywa kwenye mvinyo wa bei nafuu, na mkulima alilipwa kwa tani, si kwa ladha. Hata hivyo ndiyo mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliyoichavusha na Pinot Noir mwaka 1925, ikazaliwa zabibu ya Pinotage. Kuanzia 2002 mtaalamu wa mizabibu Rosa Kruger alizunguka akisaka mashamba ya mizabibu mikongwe yaliyosahaulika, na watengenezaji wakaanza kuyanunulia zabibu kwa bei ya maana.

"Mzabibu ukizeeka, mvinyo huwa bora." Hapana. Mmea uliopandwa pabaya huzeeka ukiwa pabaya. Uzee hupunguza mavuno, na hapo ndipo bei inapopanda. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji shamba liko wapi na lilipandwa lini.