Kondo la Mtoto na Askari wa Mwili wa Mama

Mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu kuandikisha mbegu, amejaa huzuni. Binti yake, aliyeolewa Nairobi katika mtaa wa Makongeni, alikuwa ameshikwa na kifafa cha mimba mwezi wa nane. Alifikishwa hospitali upesi, akapona yeye na mtoto. Lakini nyumbani watu walikwisha kugombana: hawa walisema ni uchawi, wale walimlaumu mkwe.

Mimi ni karani wa kilimo, si daktari. Lakini jambo hili limechunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki, na yafaa kila mkulima na mkewe walijue.

NG'OMBE NA BINADAMU

Ndugu mkulima, umeona kondo la ng'ombe aliyezaa. Lina vifungo vingi, navyo hushikana na mji wa mimba juu juu tu. Kondo la binadamu ni tofauti. Chembe zake huingia ndani ya ukuta wa mji wa mimba kama mizizi, mpaka zifikie mishipa ya damu ya mama.

Hapo pana ajabu. Nusu ya asili ya mtoto imetoka kwa baba, basi kwa mwili wa mama mtoto ni kama mgeni. Nao mwili una askari, yaani chembe nyeupe za damu, ambao kazi yao ni kupambana na wageni. Mbona hawamfukuzi mtoto?

WANAVYOZUNGUMZA

Sababu moja kubwa ni kwamba askari hao na chembe za kondo huzungumza, si kwa maneno bali kwa alama. Chembe za kondo zina alama mfano wa chapa ya ng'ombe. Nyingine zimetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Ndani ya mji wa mimba wako askari wa namna ya pekee. Wataalamu huwaita "wauaji", lakini hapa hawaui. Huisoma chapa, kisha hutoa vitu vinavyolisaidia kondo kupanua mishipa ya mama.

Fikiri mfereji wa maji. Ukichimbwa vizuri, shamba lote hunywa. Lakini kama chapa ikiwazuia askari mno, mishipa hubaki myembamba. Mtoto hupungukiwa na chakula. Kondo lenye dhiki nalo hutoa vitu vinavyodhuru mishipa ya mama, presha hupanda, na mwisho kifafa huweza kuja.

Mwaka 2015, Daktari Annettee Nakimuli wa Kampala na wenzake, wakiwamo wa Cambridge, Uingereza, walitangaza uchunguzi wao juu ya akina mama wa Hospitali ya Mulago. Waligundua kwamba baadhi ya akina mama wa Kiafrika wamerithi namna ya kuisoma chapa hiyo inayowakinga na ugonjwa huu, namna isiyoonekana kwa Wazungu.

Basi mambo haya hurithiwa, hayachaguliwi. Si uchawi, wala si kosa la mke au la mume.

LA KUFANYA

Ugonjwa huu huanza mapema kwa siri, ukaonekana baada ya mwezi wa tano. Mama huenda asisikie maumivu yo yote. Kwa hiyo:

1. Aanze kliniki mapema, apimwe presha na mkojo kila safari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni ya hatari.

2. Amwambie muuguzi kama ni mimba ya kwanza, au ya mapacha, au aliwahi kuugua hivyo. Daktari aweza kumwandikia aspirini kidogo ya kila siku. Msijinunulie dukani.

3. Akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu machoni, akiumwa chini ya mbavu, au uso na mikono ikivimba ghafula, asingoje kesho. Hospitalini iko sindano ya kuzuia kifafa.

Mabinti zetu walioko Makongeni, Kaloleni, Bahati na Shauri Moyo wana Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926. Aliye skimu aende kituo cha afya kilicho karibu.

Wewe huandika tarehe ng'ombe wako alipopandwa. Katika daftari hilo hilo, andika na tarehe ya kliniki ya mkeo.