Ukuta Uonyeshao Pande Mbili

Miongoni mwa sinema za sayansi ya kubuni zilizoacha athari ya kudumu, The Andromeda Strain, iliyoongozwa na Robert Wise mwaka 1971 kutokana na riwaya ya Michael Crichton, ndiyo inayostahiki kutazamwa upya na sisi tulioishi Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya Ebola. Kijidudu kutoka angani chawafisha watu wa kijiji kizima cha Marekani, wakasalimika wawili tu, mzee na mtoto mchanga. Nao wataalamu wakawahamishia katika maabara ya tabaka tano chini ya ardhi, wakawahudumia kwa mavazi ya kinga yaliyoungwa na ukuta, hata mkono wa tabibu ukamfikia mgonjwa pasi na hewa zao kukutana.

Kanuni hiyo haikubuniwa na sinema, maana maabara zilikwisha kuwa na makasha ya glavu. Fadhila yake ni kuwadhihirishia halaiki ya watu kwamba kizuizi na huduma si mahasimu. Na ulipotangazwa mlipuko wetu, tarehe 1 Agosti 2018, shirika la kitabibu la ALIMA lilileta Beni vyumba viitwavyo CUBE, vyenye kuta za plastiki angavu na glavu zilizopachikwa humo, vilivyomwezesha muuguzi kumhudumia mgonjwa bila kuelemewa na mavazi mazito yenye joto, na jamaa kumwona mtu wao uso kwa uso.

Fauka ya hayo, katika sinema ufunguo wa fumbo umo katika damu ya waliosalimika. Na kwetu dawa mAb114, iliyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika utafiti wa Pamoja Tulinde Maisha, ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na Agosti 2019 ikabainika kuwa hiyo na dawa nyingine iitwayo REGN-EB3, kila moja yaokoa wagonjwa wengi kuliko dawa mbili zilizolinganishwa nazo.

Lakini maabara ile ya sinema ilikuwa ya siri, na siri ndiyo iliyotudhuru: watu waliokwisha choshwa na vita, wakaahirishiwa uchaguzi wa Desemba 2018 kwa hoja ya Ebola, waliviona vituo kuwa mahali mtu aingiapo asirudi, Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo. Mlipuko ulipokwisha, Juni 2020, walikuwa wamefariki watu 2,287.

Kwa hiyo wanaoandaa vituo vya kesho na waurithi ukuta wa sinema hiyo na kuiacha siri yake: jamaa waonyeshwe mgonjwa, waelezwe dawa kwa Kiswahili na Kinande, na waliopona watangulizwe katika huduma, kama walivyowalea watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao wagonjwa.