Daraja Lisitusahaulishe Visiwa

Msafiri aendaye Geita kwa gari kutoka Shinyanga, akipitia Maganzo, Misungwi na Usagara, halazimiki tena kuzima injini pale Kigongo na kungoja kivuko. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa 3, Ghuba ya Mwanza huvukwa kwa dakika chache hadi Busisi. Mchuuzi wa samaki, mchimbaji wa dhahabu na mgonjwa akimbizwaye Hospitali ya Bugando, wote wameondolewa adha ya foleni. Hatua hiyo tunaipongeza.

Hata hivyo, daraja hilo halifiki Izumacheli, Maisome wala Ukara. Kwa ndugu zetu wa visiwani, kivuko ndiyo barabara.

Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara kikitokea Bugolora. Chombo hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa ni 228, na 41 wakaokolewa. Waliopoteza maisha peke yao walizidi maradufu ya idadi iliyoruhusiwa.

Wapo wasemao kuwa ajali haina kinga. Msemo huo tusiufanye kichaka cha kuficha uzembe. Kinga ya chombo cha majini inajulikana: abiria wahesabiwe, shehena ipimwe, majaketi ya kuokolea maisha yatoshe, na nahodha asemapo chombo kimejaa atiiwe.

Lakini kuwalaumu abiria peke yao si haki. Mtu hujibana chomboni kwa sababu hana hakika kwamba safari ya pili ipo. Kwa hiyo, dawa ya kwanza ya msongamano ni ratiba inayoaminika, hasa siku za magulio, na chombo cha akiba kwa siku ambayo kivuko kimeharibika. Uangalizi uliokuwa ukielekezwa Kigongo kwa miaka mingi hauna budi sasa kuhamia kwenye magati ya visiwani.

Nanyi wananchi wa visiwani, chombo kikijaa msikipande. Kuchelewa gulio ni hasara ya siku moja tu.

Viongozi wahusika wasingoje msiba mwingine ndipo waende gatini kuhesabu abiria. Waende leo.