Mwachiliaji: Umbo la Nomino ya Mtenda na Utata wa Maana Yake

Nomino mwachiliaji haionekani mara nyingi katika maandishi ya Kiswahili. Hata hivyo mwalimu hana budi kuifahamu, kwa kuwa wanafunzi huiunda wenyewe pindi wanapotafuta jina la mtu aliyemwona mshtakiwa hana hatia na kumruhusu aende zake. Kimaumbo hawakosei. Tatizo limo katika maana.

Tuanze na umbo. Kitenzi acha kikipewa kiambishi cha kutendea huwa achia, na kikirudiwa kiambishi hicho huwa achilia. Sauti l inayojitokeza hapo ni masalio ya umbo la kale la kiambishi. Twaiona pia katika kimbilia kutoka kimbia, na ingilia kutoka ingia. Tukitanguliza m-, ambayo mbele ya irabu hutamkwa mw-, na kumalizia kwa -aji, twapata mw-achili-aji. Wingi wake ni waachiliaji, kwa a mbili, kama waandishi.

Mwanafunzi makini ataweza kuuliza: mbona tusiseme mwachilizi? Swali lake lina msingi. Tetea hutupa mtetezi, tangulia mtangulizi, simamia msimamizi, okoa mwokozi. Hiyo z ni ile l ya kale iliyogeuka mbele ya i. Kwa kanuni hiyo mwachilizi lingekuwa umbo halali kabisa, ila matumizi hayakulipokea. Siku hizi -aji ndicho kiambishi kinachozaa maneno mapya kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana twasema mtumiaji, wala si mtumizi. Kwa maoni yetu, anayeandika mwachilizi asikatwe alama kabla ya kuelezwa desturi hiyo, kwani amefuata mantiki ya lugha.

Kosa la mwachilia ni la namna nyingine. Katika Kiganda omusomesa, na katika Kirundi umwigisha, ni nomino za mtenda zinazoishia kwa a, ingawa omuwandiisi na umwanditsi huishia kwa i. Mzungumzaji wa lugha hizo anaweza kuihamishia a hiyo katika Kiswahili. Kiswahili huikubali pale tu nomino inapofuatwa na kijalizo chake: mpiga ngoma, mvunja sheria, mfanyabiashara. Kwa hiyo mwachilia wafungwa ni kirai kinachoeleweka, lakini mwachilia pekee haliwezi kusimama.

Sasa tuje kwenye maana, ambako ndiko kwenye uzito. Kuachilia ni kulegeza kilichoshikwa. Askari humwachilia mtu kwa dhamana, mkuu wa gereza humwachilia mfungwa aliyemaliza kifungo, Rais humwachilia aliyesamehewa, na hakimu humwachilia asiyepatikana na hatia. Wote hao ni waachiliaji, na matendo yao hayafanani hata kidogo. Kisa cha Pilato na Baraba chatosha kuwa mfano: Baraba alifunguliwa bila kuonekana hana hatia, na yule ambaye Pilato hakuona hatia kwake hakufunguliwa.

Sheria nayo hutenga mambo hayo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28(9), inamkinga mtu aliyekwisha kuhukumiwa au kuachiwa huru na mahakama yenye mamlaka asishtakiwe tena kwa kosa lilelile, isipokuwa kwa amri ya mahakama ya juu zaidi katika rufani au mapitio ya kesi. Msamaha wa Rais umewekwa mahali pengine kabisa, katika ibara ya 121. Aliyesamehewa alitiwa hatiani kwanza. Aliyeachiwa huru hakutiwa. Mwandishi wa habari anayeandika amesamehewa badala ya ameachiwa huru amempa mtu asiye na hatia jina la mkosaji, na majirani watalishika.

Katika kitenzi, neno linalotuokoa ni huru: kumwachia huru mshtakiwa. Lakini jaribu kulichukua neno hilo hadi kwenye nomino. Mwachiliaji huru si mtu anayewaachia wengine huru. Ni mwachiliaji ambaye yeye mwenyewe yuko huru, kwa sababu kivumishi hushikamana na nomino iliyo mbele yake. Hapa ndipo nomino inaposhindwa na kitenzi. Ndiyo sababu Kiswahili fasaha hupendelea kishazi rejeshi: hakimu aliyemwachia huru mshtakiwa. Sentensi kama Mwachiliaji wa mshtakiwa alikuwa hakimu haina kosa la sarufi, ila inasikika kama tafsiri.

Mwanafunzi aangaliwe pia katika upatanisho. Mahakama imemwachia huru ndiyo sahihi, wala si mahakama amemwachia, hata kama fikra ya mwandishi iko kwa jaji.

Umbo la mtendwa, mwachiliwa, lina utata uleule, pengine zaidi, kwa kuwa halidokezi ni nani aliyeachilia wala kwa sababu gani. Tunapendekeza lifundishwe sambamba na mfungwa na mshtakiwa, ambayo matumizi yamekwisha kuyapa maana moja isiyo na shaka.