Chonga hupunguza nazi kabla hazijafika sokoni

WAFANYABIASHARA wa nazi wa Darajani na Mwanakwerekwe hutazama zaidi idadi ya nazi zinazoshushwa kwenye magari. Hata hivyo, upungufu mwingine huanzia shambani, miaka kadhaa kabla ya mavuno, kwa kazi ya mdudu mmoja mweusi mwenye pembe: chonga, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oryctes monoceros.

Chonga huruka usiku. Hutoboa kwenye vitako vya makuti machanga, akateremka hadi yale ambayo hayajafunguka, akayatafuna na kufyonza maji yake. Makuti hayo yanapofunguka baadaye huonekana yamekatwa pembetatu, mithili ya karatasi iliyopitishwa mkasi. Mkulima anapoiona alama hiyo, mdudu ameshakwenda zake.

Hasara yenyewe

Mnazi mkubwa hutoa kuti moja hivi kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti hutoka karara moja. Makuti yakikatwa, mti hukosa chakula na mazao hupungua.

Kwa miche hali ni mbaya zaidi. Chonga akifika kwenye moyo, mche hufa. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7 hivi, kwa hiyo anayepoteza mche wa miaka 3 amepoteza palizi na mtaji wa miaka yote hiyo. Aidha, tundu la chonga ni mlango wa fukusi wa minazi, ambaye hutaga mayai kwenye jeraha, na funza wake huula mti kwa ndani.

Gharama kwa jirani

Chonga hazaliwi katika mnazi mzima. Funza wake hukulia katika minazi iliyokufa, magogo yanayooza na malundo ya samadi. Katika eneo kama Kizimbani, ambako minazi imechanganyika na mikarafuu na midalasini, gogo lililoachwa katika shamba moja hulea chonga wa shamba la pili. Mwenye gogo haoni gharama. Anayelipa ni aliyepanda miche.

Dawa ya kuweka kileleni humtaka mkulima ainunue tena na tena, na kwa minazi mirefu amlipe na mkwezi. Katika miaka ya 1980 virusi vya kuua chonga vilijaribiwa Tanzania, lakini msingi wa kinga umebaki kuwa usafi wa shamba: kuchoma au kufukia magogo, kupekua samadi, na kumtoa chonga kwenye tundu kwa ndoano ya waya.

Kwa hiyo, anayeuza mnazi mkongwe kwa ajili ya mbao asipatane bei ya gogo peke yake. Mapatano yaseme pia nani ataondoa kisiki na mabaki, na kwa gharama ya nani.