Kutia sauti kwenye modi za michezo ya kompyuta (Sehemu ya Pili): Safisha kwanza, pamba baadaye

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia kurekodi: namna ya kutuliza mwangwi wa chumba kwa mapazia na magodoro, umbali wa mdomo na kipaza sauti, na jinsi ya kumwongoza msomaji. Leo tunalichukua faili lile na kulipitisha kwenye vichujio.

Kwa anayeungana nasi sasa, modi ni nyongeza au badiliko ambalo wapenzi wa mchezo hulitengeneza wenyewe juu ya mchezo uliokwisha kuingia sokoni. Mfano wetu ni Skyrim, mchezo wa kampuni ya Bethesda uliotoka Novemba 2011. Miezi michache baadaye, Februari 2012, kampuni hiyo iliwapa wachezaji bure programu ya kutengenezea modi, iitwayo Creation Kit. Mwaka 2016 kikundi cha Kijerumani cha SureAI kilitumia msingi huo kutoa Enderal, ulimwengu mpya kabisa ambao wahusika wake wanazungumza Kijerumani na Kiingereza. Kazi hiyo inaonyesha umbali ambao modi inaweza kufika, na sioni kwa nini wahusika wanaozungumza Kiswahili wasifuate.

Tutatumia Audacity, programu huria iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Hailipiwi, wala haihitaji kompyuta ya gharama kubwa. Mstari tutakaoushughulikia ni wa mlinzi wa ghala: “Simama hapo! Sisi hatufungui usiku.”

Sauti ya mtu si mlio mmoja. Ni mkusanyiko wa mitetemo mingi inayotokea kwa wakati mmoja, mingine ya polepole, mingine ya kasi. Kasi hiyo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Msingi wa sauti ya mwanamume mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya hezi 85 na 180, na wa mwanamke kati ya 165 na 255. Juu ya msingi huo hupanda mitetemo mingine inayotuwezesha kutofautisha irabu na kumtambua msemaji. Herufi kama s hukaa juu zaidi, hasa kati ya hezi 4,000 na 8,000. Kichujio huchagua sehemu ya mkusanyiko huo na kuipunguza au kuiacha ipite. Ni kama kung'uto la nazi: haliongezi tui, hulitenga tu na machicha. Anayerekodi ovyo akitumaini kwamba kichujio kitamwokoa atakuta hakuna tui la kukamua.

Hatua ya kwanza ni kuondoa mivumo ya chini. Weka kichujio kinachozuia kila kitu kilicho chini ya hezi 80. Mtikisiko wa meza, lori linalopita barabarani na pumzi ya herufi p katika “hapo” vitapungua, na sauti ya mlinzi haitaguswa. Ukiwa bado unasikia mvumo wa umeme, tumia kichujio chembamba kinachokata sehemu moja tu. Hapa kuna mtego. Maelekezo mengi yameandikwa na Wamarekani, na yanakuambia ukate hezi 60 kwa sababu ndivyo umeme wa kwao unavyotetema. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hutetema mara 50 kwa sekunde. Kata hezi 50, kisha usikilize 100 na 150, kwa kuwa mvumo huo hurudi kwa vizidishio vyake.

Hatua ya pili ni kelele ya kudumu, kama feni ya kompyuta au mvua ya mbali. Ndiyo maana tulisisitiza kuwa kila rekodi ianze na sekunde mbili za ukimya. Teua ukimya huo, ufanye kuwa sampuli ya kelele, halafu iagize programu ipunguze kelele ya aina hiyo katika faili zima. Kupunguza kwa desibeli 6 hadi 12 kunatosha. Ukizidisha, programu itaanza kula sauti yenyewe, na mlinzi atasikika kama anazungumza ndani ya maji, huku vilio vidogo vya kengele vikizagaa kati ya maneno. Kelele kidogo iliyobaki itamezwa na upepo na muziki wa mchezo. Sauti iliyoharibika haimezwi na chochote.

Hatua ya tatu ni kusawazisha nguvu. “Simama hapo!” imepigwa kwa ukali, na “hatufungui usiku” imeshuka. Kompresa hushusha vilele ili mstari mzima upandishwe bila kupasuka. Usikisie kiwango. Toa mistari michache ya walinzi wa mchezo wenyewe, ifungue sambamba na wa kwako, ulinganishe kwa jicho na kwa sikio. Mhusika mpya anayepiga kelele kuliko wenzake humkumbusha mchezaji papo hapo kwamba huyu kaletwa na mtu mwingine.

Sasa ndipo tunapamba. Mlinzi akiwa nyuma ya mlango mnene, kata yaliyo juu ya hezi 1,000 hivi, maana mbao huzuia mitetemo ya kasi zaidi kuliko ya polepole. Ukitengeneza modi ya Fallout 4, ambako redio zimejaa, acha hezi 300 hadi 3,400 tu, kipimo cha asili cha simu, na sikio litatambua mara moja. Lakini kumbuka s inakaa wapi. Katika mpaka huo s na f hukaribiana mno, na “sisi” ya mlinzi wetu yaweza kusikika “fisi”. Panua mpaka hadi hezi 4,500, au badilisha neno.

Kwa jitu kubwa, shusha sauti kwa nusu-toni mbili au tatu, ukichagua zana inayobadilisha kina bila kurefusha muda. Kwa mashine, kuna mbinu iliyotumika BBC mwaka 1963, wakati Brian Hodgson wa Radiophonic Workshop alipowatengenezea sauti Dalek, maadui katika tamthilia ya televisheni ya Doctor Who. Sauti ya mwigizaji ilizidishwa kwa mlio wa hezi 30. Matokeo yake, mtetemo wa hezi 200 hugeuka kuwa miwili, wa 170 na wa 230, na uwiano wa asili kati ya mitetemo huvunjika. Koo la binadamu haliwezi kutoa mlio wa namna hiyo, na ndiyo sababu tunasikia chuma.

Pambo moja nakusihi uliache: mwangwi wa pango au ukumbi. Skyrim huongeza mwangwi yenyewe kulingana na mahali mhusika aliposimama. Ukiuweka ndani ya faili, mlinzi atakuwa na mwangwi hata akiwa uwanjani, na akiingia pangoni atakuwa na miwili.

Ukimaliza, hifadhi faili la wav la mkondo mmoja, hezi 44,100, biti 16. Mkondo mmoja unauruhusu mchezo kuiweka sauti kushoto au kulia kadiri mchezaji anavyogeuka. Na faili la awali, lile ambalo halijaguswa, litunze kando kwa jina lake. Masafa uliyoyakata hayarudi, na kila mtengenezaji wa modi hufika siku ambayo mlinzi wa nyuma ya mlango anatakiwa atoke nje aseme maneno yale yale uso kwa uso.

Wiki ijayo: kulinganisha midomo ya mhusika na maneno yake, na makubaliano ya maandishi kati yako na mwenye sauti.